Zamu ya Taban

Mtoto wangu aliacha kumeza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza nililoliona, na kwa sababu nikianza na yale yaliyotangulia sijui kama nitaweza kuendelea. Ilikuwa siku ya ishirini na moja tangu nijifungue, hapa Awindiri, pembeni mwa mji wa Arua, adhuhuri inakaribia, nimekaa kitandani na Ruqaiya yuko kwenye ziwa la kushoto, ananyonya vizuri tu, na kale kasauti kake ka kumeza kama mtu anayenong'ona, halafu kasauti kakakatika. Hakuachia ziwa. Hakulala. Maziwa yalikuwa yamejaa mdomoni, yanaanza kuchuruzika pembeni, na macho yako wazi yanatazama juu ya bega langu, mlangoni. Mtoto wa wiki tatu hajui kutazama kitu, kila mama atakuambia, macho yao yanaelea tu. Ya Ruqaiya yalikuwa yametua.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti cha plastiki cha wageni, kile cha buluu, ambacho siku zote kinatazama uani. Sasa kilikuwa kinatazama kitanda.

Nilijiambia ni Haboba amekigeuza. Haboba ni bibi yake Nasur, mume wangu, na ndiye aliyekuja kutoka Koboko kunitunza arobaini yangu. Kwetu Wanubi mzazi hatoki nje siku arobaini, maana wazee wanasema kaburi lake limefunguliwa linamngoja, na linafungwa kidogo kidogo kila siku anayoimaliza salama. Kwa hiyo kuna miiko. Unafukizwa, unakandwa, unakunywa uji mpaka uuchukie. Lakini mwiko ambao Haboba aliushika kuliko yote ni wa hodi. Mtu akipiga hodi kwa mzazi, ajibiwe hapo hapo, ama karibu, ama rudi kesho. Siku ya kwanza tu alinikalisha akaniambia, "Mlango ya mzazi haina kusimamisha mutu. Wewe nasimamisha mutu, ingine nakuja nakaa kwa mahali yake." Nilicheka kidogo. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikajiona.

Siku ile Haboba aliingia na chetezo cha ubani, akaona kiti, akasimama. Hakuwa amekigeuza yeye. Aliinama akagusa kikalio kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa, na akauondoa mkono haraka. Halafu akaniuliza, taratibu sana, nani nilimwacha mlangoni. Nikasema hakuna mtu. Na kwa mlango wa mbao na bati, ilikuwa kweli.

Ruqaiya akameza. Alikuwa amekaa na yale maziwa mdomoni dakika kumi na tisa. Najua ni kumi na tisa kwa sababu simu ilikuwa kando ya mto, na kwenye simu saa ilikuwa inahesabu.

Sasa niseme habari ya simu.

Mimi nacheza chesi. Nilijifunza shuleni hapa Arua, kidato cha pili, nikawa nawafunga wavulana, nikawa na jina. Halafu shule ikaisha, nikaolewa, na jina likabaki ndani ya simu tu. Palikuwa na ligi yetu ya watu wa West Nile, mkoa wetu huu, kundi la WhatsApp, kama watu thelathini, wa Arua, wa Koboko, wa Nebbi, wa Yumbe, na aliyeianzisha ni mwalimu wa hesabu wa Koboko aitwaye Taban. Sikuwahi kumwona uso kwa uso. Kila wiki anapanga nani acheze na nani, mnakutana mtandaoni, kila mmoja ana dakika thelathini zake kwenye saa, atakayemaliza dakika zake kabla ya mchezo kwisha ameshindwa.

Na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Mtu akiona anashindwa, mfalme wake amebanwa, hatua mbili tu afungwe, badala ya kukubali anaacha kucheza. Anakaa. Ana dakika ishirini, anaziacha zote ziende, na wewe uko pale huwezi kutoka, maana ukitoka halafu yeye akacheza hatua moja, saa yako inaanza kukimbia haupo, na umeshindwa mchezo uliokuwa umeshinda. Sisi tunaita kulalia saa. Mtu wa Nebbi alinilalia saa nikiwa na mimba ya miezi minane, nikakaa dakika nzima nzima natazama ubao usiosogea mpaka nikalia kwa hasira, na nikaandika kwenye kundi ujumbe mrefu, nikamwita mwizi, kila mtu akanipigia makofi. Mwalimu Taban peke yake hakunipigia. Aliandika kwamba anayelalia saa ni mtu aliyejificha chooni wageni wamekuja, msimtukane, wekeni simu chini mnywe chai, jicho moja kwenye ubao, atatoka mwenyewe na aibu yake.

Aibu yake. Nilisoma maneno hayo nikaona ni ya mtu mpole asiyejua dunia. Na mimi nikaanza kulalia watu saa. Siwezi kusema vizuri kwa nini. Ukikaa umebanwa, na kuna mtu mahali fulani hawezi kula wala kuondoka kwa sababu yako, kushindwa kunapungua uchungu. Unakuwa kama ndiye uliyemfunga. Nilifanya hivyo mara tatu, mara nne, kwa watu wa mbali nisiowajua, na kwenye kundi nikaendelea kulaani wanaolalia saa.

Halafu ikaja zamu yangu na Taban mwenyewe. Siku ya kumi na mbili ya arobaini, asubuhi, saa tano na kitu. Yeye ndiye aliyeomba tucheze siku ile, akasema kesho yake hataweza. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa msimu, mimi nikishinda nakuwa wa kwanza. Sikuuliza kwa nini hataweza. Tukacheza, na alicheza kama mtu anayekunja nguo, bila haraka, kila kitu mahali pake, na saa yangu ikiwa bado na dakika ishirini na mbili niliona malkia wake ameingia, na farasi yuko nyuma yake, na hakuna pa kwenda.

Nikaiweka simu juu ya mto. Ruqaiya alikuwa kwenye kitanda chake analialia kidogo, wala sikumnyanyua. Nilikuwa natazama saa.

Baada ya dakika tano hivi akaandika: Dada, cheza. Sikujibu. Akaandika: Dada, wananiita. Nikadhani ni darasani, nikadhani ni mkuu wa shule, nikasema moyoni waite tu. Halafu kimya kirefu, halafu mara ya mwisho akaandika: Tafadhali. Na kwenye saa yangu kukiwa kumebaki dakika nne, kale kadoa ka kijani kando ya jina lake, kanakoonyesha mtu yupo, kakazimika. Na mimi, hapo ndipo nilipocheza. Nilisogeza askari mmoja tu, askari wa bure, pembeni. Saa yake ikaanza kukimbia na yeye hayupo. Alikuwa na dakika kumi na tisa. Nilikaa nikazitazama zote zikiisha, moja moja, na mwisho simu ikaniambia nimeshinda.

Siku tatu baadaye ikaja taarifa kwenye kundi. Mwalimu Taban alikuwa amelazwa, siku ile ile tulipocheza aliingizwa kupasuliwa, na hakuamka. Watu wakaandika innalillahi, na mimi nikaandika. Mtu mmoja akasema msimamo wa ligi uachwe kama Mwalimu alivyouacha, kwa heshima, na wakakubaliana. Kwa hiyo niko wa kwanza mpaka leo, na mchezo wake wa mwisho duniani, wameuandika, alifungwa na Zuhurah.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningesemaje.

Kwa hiyo siku ile ya ishirini na moja Ruqaiya aliposhikwa, na nikatazama simu, na nikaona ubao uko wazi ambao sikuufungua, ubao ule ule, malkia mahali pake, farasi mahali pake, askari wangu wa bure amesogea, kadoa ka kijani kanawaka kando ya jina, na juu yake imeandikwa zamu ya Taban, na saa yake inahesabu kumi na tisa kurudi chini, sikupiga kelele. Niliona aibu kabla ya kuogopa. Niliigeuza simu kifudifudi Haboba asione.

Kesho yake ikarudi, adhuhuri ile ile. Na kesho yake. Kwanza inakuja harufu, harufu ya spiriti, ile anayokupaka muuguzi kabla ya sindano, inaingia na kukaa juu ya ubani wa Haboba kama mafuta juu ya maji. Halafu mlio, ko, mmoja tu, kama kete ya mti imewekwa juu ya ubao. Halafu mtoto anaganda. Popote alipo katika kunyonya, anaganda, mdomo umejaa, macho mlangoni, na huwezi kumfumbua mdomo wala kumfunga, hata ukimkamua shavu maziwa yanatoka na yeye hatikisiki, yuko tayari kumeza lakini anangoja. Na kila siku saa ilikuwa ndefu kuliko jana. Dakika kumi na tisa zikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima, na mwisho adhuhuri ilikuwa inaanza asubuhi na kumalizika alasiri, na mtoto wangu anapungua, mashavu yanaingia, ngozi ya mapaja inakuwa nyepesi kama ya mzee.

Kwenye programu kuna alama ya bendera ya kukubali kushindwa. Niliibonyeza mpaka kidole kikauma. Haikubonyezeka, ilikuwa ya kijivu. Ulikuwa si wakati wangu, ilikuwa zamu yake, na aliye kwenye zamu yake anaweza kukaa anavyotaka. Nikaifuta programu. Nikaizima simu. Nikampa Nasur aende nayo gereji anakotengeneza malori, nikamwambia inanisumbua kichwa. Adhuhuri ikaja, spiriti, halafu ko, na sauti haikutoka kwenye simu maana simu iko Arua mjini mfukoni mwa mume wangu, ilitoka kwenye kiti, na kiti kilikuwa kimesogea hatua moja kutoka mlangoni kuja kitandani, na kikalio chake kimebonyea kidogo katikati, plastiki ngumu ile, imebonyea kama inavyobonyea mtu mzito akikaa amekunja mikono, na sikuona mtu wala kivuli, niliona tu kubonyea kule, na Ruqaiya anatazama usawa wa pale ambapo kichwa cha mtu aliyekaa kingekuwa.

Tulimpeleka kituo cha afya, Haboba akavunja mwiko na kunifunika shuka mbili. Wakampima, wakasema mapafu mazima, koo zima, uzito umeshuka sana, mkamulie umpe kwa kikombe. Muuguzi alikuwa mwema. Nikamkamulia, na maziwa yakakaa kwenye kikombe na kwenye mdomo wake vile vile.

Siku ya thelathini Haboba alifunga dirisha, akaketi kitandani, si kwenye kiti, akanishika kidevu. Aliniambia amezaa tisa na kuzika wanne na anajua mtoto anayeondoka anavyonuka, na huyu ameanza. Akaniuliza tena nani nilimwacha mlangoni. Nikasema, Haboba, hakuna mtu. Nilisema hivyo na mtoto wangu mikononi mwangu ana uzito wa kuku. Mpaka leo naisikia sauti yangu ilivyokuwa laini.

Hakunigombeza. Alimwambia Nasur akodi gari, tunakwenda Kuluba kwa Faki Swadiki.

Kuluba ni mbele ya Koboko, karibu na mpaka. Faki ndiye mtu wetu wa kusoma, wa Kurani na wa dawa, na nilitegemea mzee wa ndevu na hirizi, nikakuta mwanamume wa makamo amevaa jezi ya mpira, anamenya muhogo na mkewe. Alinawa mikono. Alimshika Ruqaiya, akamnusa utosini, akasoma, akapulizia maji, akamnyunyizia, na mtoto hakupepesa. Akamrudisha. Akasema hana kitu ndani yake huyu, kuna aliyekaa mbele yake tu. Halafu akanitazama mimi, si Haboba, akauliza ni nini.

Nasur yuko pale. Haboba yuko pale. Mke wa Faki yuko pale na kisu cha muhogo. Nikasema yote. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika, na nilipofika kwenye askari wa bure nililisema hilo mara mbili.

Nasur aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mchezo wa simu, Mama Ruqaiya?" Hakuuliza kingine. Ningependa angenipiga kofi. Haboba aliinuka akahamisha mkeka wake, akakaa mbali nami kidogo, akatazama muhogo.

Faki yeye alitaka kuelewa. Aliuliza katika chesi nani anakufa. Nikamwambia mfalme.

"Na wewe hukutaka mfalme yako afe."

"Ndiyo, Faki."

"Mfalme ya mbao."

"Si ya mbao hata. Ya kioo cha simu."

Mkewe alicheka, kisha akaona haya akajifunika mdomo. Faki hakucheka. Akaniambia nisiogope maiti, maiti harudi, Mwalimu Taban yuko kwa Mola wake na ana shughuli kubwa kuliko mimi. Lakini niko ndani ya arobaini, mlango wangu uko nusu wazi, na nimemsimamisha mtu pale bila karibu na bila kwaheri, na yule mtu akaondoka, na nafasi aliyosimama ikabaki na joto. Wako wanaotafuta nafasi kama hizo. Amekaa mmoja. Hana ugomvi na mimi, anafanya tu kile alichokikuta kinafanywa pale. Anakaa.

Nikauliza tumtoeje, tumfukize, tuchinje. Akasema huyo hatolewi kwa moshi. Neno ambalo Taban alilingoja kwangu halijasemwa, na Taban hawezi tena kulipokea, basi nimpelekee mwenye haki yake. Niende kwa mjane. Niseme nilichofanya, niseme nimeshindwa, na nisiondoke mpaka anijibu. Akanikanya hapo: hata akikaa na jibu mpaka jua lizame, hata akinitukana, nikae. Nikiinuka kabla, nimemwongezea yule kiti.

Nyumba ya Mwalimu Taban iko Koboko mjini, nyuma ya soko. Nasur na Haboba walibaki garini, Faki alisema niende mimi na mtoto. Nilipiga hodi. Mwanamke aliyevaa nyeupe ya eda alitoka, mwembamba, mkono mmoja una unga. Mariam Poni. Alinikaribisha kabla ya kuniuliza jina, akanitandikia mkeka barazani, akaleta maji. Nilipotaja jina aliweka kikombe chini.

"Wewe ndiyo Zuhurah ya simu."

Nikasema ndiyo mimi. Nikasema mama, mimi nimeshindwa. Nikamwambia mumeo alikuwa amenifunga, nilikuwa nimekwisha, nikamlalia saa kusudi, niliona anaandika nikanyamaza, alipoondoka ndipo nikacheza. Alinisikiliza mpaka mwisho, anasugua unga kwenye vidole. Nikamwambia na mtoto. Nikamfunua. Alimtazama Ruqaiya muda mrefu.

Halafu alisema, sauti iko chini, kama anamwambia mtu aliyekaa pembeni yangu.

"Waliita yeye mara mbili. Mimi nasimama pale, nataka kusema na yeye, nilikuwa na maneno yangu. Yeye iko na simu. Mimi nauliza, huyu mutu nafanya nini, si acheze? Yeye nasema, mwache, Mariam, huyu iko na mutoto mudogo, pengine nanyonyesha."

Nilimfunika Ruqaiya tena. 

"Halafu walikuja na kitanda ya magurudumu," akasema, "na yeye nanipa simu kama mimi ni meza."

Simu hiyo, akaniambia, iko kabatini, haijatiwa chaji tangu siku ile. Akainuka, akaingia ndani, akarudisha mlango nyuma yake. Hakuufunga. Hakuuacha wazi.

Nilikaa. Kwanza nilisema anatafuta kitu. Nikasikia anakoroga sufuria, nikasikia anaongea na jirani kwa mlango wa nyuma, anacheka hata, halafu maji yanamwagwa, halafu kimya. Jua likatoka mgongoni likaja magotini. Nasur alikuja mpaka uani akaniita kwa mkono, nikatikisa kichwa. Harufu ya spiriti ilikuja pale pale barazani kwa mtu, ikakaa, na nilijua kwamba upande wangu wa kulia kwenye mkeka, pale mkeka ulipozama kidogo, tumekaa wawili, na sisi wote wawili tunatazama mlango ule ulioachwa kati, na sikugeuza kichwa, nilisema moyoni nisipogeuka hatanigusa, nisipotikisika, na miguu ikafa ganzi, na kanzu ikalowa jasho, na maziwa yakanitoka yenyewe yakapita nguo, na sikujifuta, nikautazama mlango, na nikafika mahali ambapo sikuwa naomba tena msamaha wala chochote, nilikuwa nataka tu yule mwanamke asogee, afanye lolote, aje anitukane, anipige, nikaelewa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa mwili, nilichowafanyia watu.

Mlango ulipofunguka jua lilikuwa limekuwa jekundu. Mariam Poni alisimama pale, ameshika mwimo wa mlango.

"Mutoto nalia," akasema. "Wewe hausikii?"

Sikuwa nasikia. Nilikuwa nautazama mlango na mtoto wangu analia mapajani mwangu, analia kwa sauti, uso mwekundu, ngumi zimekunjwa, sijui kwa muda gani. Nilimweka ziwani na mikono imekufa ganzi, ikabidi Mariam Poni apige magoti anishikie kichwa cha mtoto. Ruqaiya akashika. Akameza. Akameza tena, kwa nguvu, kwa hasira, anakoroma kama mtu mzima, na mkeka upande wa kulia ulikuwa mkeka tu, tambarare, na hewa inanuka unga na moshi wa kuni.

Mariam Poni hakuondoa mkono wake mpaka mtoto aliposhiba. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kushughulika nayo. Nikamwuliza, mama, umenisamehe? Alimfuta Ruqaiya mdomo kwa ncha ya shuka lake jeupe, akasimama, akajipangusa magoti.

"Nenda na mutoto, giza nakuja," akasema. "Mimi bado nafikiri."

Garini Haboba alimpokea mtoto, akampima kwa mikono, akaniuliza kama mwenye haki amenijibu. Sikuweza tena kumdanganya. Nikasema bado.

"Basi kiti iache pale pale," akasema. "Mutu asiketi."

Arobaini yangu imekwisha zamani. Ruqaiya anakua, ana mashavu. Kila Ijumaa napanda gari kwenda Koboko, Mariam Poni ananitandikia mkeka, tunachambua mboga pamoja, ananihadithia mambo ya mumewe, mengine ya kuchekesha. Hajasema, na mimi siulizi. Na nyumbani Awindiri wageni wakija tunawapa mkeka, kwa sababu kile kiti cha buluu, adhuhuri, ukipitisha mgongo wa mkono juu yake, bado kina joto.